Mjumbe wa Mwilini

Sista Justa alikuja kwetu milimani mwaka 1981, akitokea kwao Ngujini, na sanduku la bati na mdomo usiojua kuzunguka. Zahanati yetu ilikuwa na kitanda kimoja, mizani ya kuning'inizia watoto, na yeye. Miaka ile ya ukosefu alichemshia sindano kwenye sufuria yake ya makande, kwa kuni zake. Enzi za ruksa zilipofika, maduka ya Same yakajaa sabuni na mitumba, nasi tukaambiwa uhuru umefika hadi kwenye dawa: atakayeugua akanunue. Justa hakukimbilia kufungua duka la dawa kama wenzake. Alibaki akiwazalisha wake zetu. Wanangu watatu walipokelewa na mikono yake, kwa hiyo haya ninayoyasimulia yananihukumu mimi kwanza.

Mwaka 1993 aliitwa semina Same, siku tatu. Akarudi na daftari na neno moja gumu: intaferoni. Wenzake waliorudi na posho tu waliishi salama.

Jumatano ya kliniki akawaeleza akina mama kwamba homa haiji bure. Virusi vikiingia mwilini, ile seli iliyovamiwa, kabla haijafa, hutoa protini ya kuwaonya majirani wafunge milango na kuwaamsha walinzi. Homa na mwili kuuma ni kelele za onyo hilo.

"Inaitwaje hiyo, sista?" akauliza Ikupa, mama wa mapacha, ambaye hakubali kitu kisicho na jina.

"Intaferoni."

"Inta nani?"

Justa akatafuta neno. Nani kwetu hupita nyumba hadi nyumba akitoa taarifa?

"Basi mwiteni mjumbe," akasema.

Akina mama wakacheka, wakaelewa. Naye akaendelea: "Mjumbe huyu ni mwema. Bila yeye hata mafua yangetumaliza. Lakini kuna miili ambayo mjumbe hajui kunyamaza. Adui kashaondoka, yeye bado anapiga kelele, na walinzi wanabomoa nyumba za wenyewe. Mtu anakonda, viungo vinavimba. Kwa hiyo mtoto akipata homa msingoje. Nileteeni, nijue kelele ni za nini."

Halijapata kutolewa somo likaeleweka namna ile. Kosa lilikuwa hapo.

Habari ilipomfikia Asheri, mjumbe wetu wa nyumba kumi wa chama tawala, ilikuwa imeshanenepa njiani: nesi anasema mjumbe ndiye anayeleta homa, na asiponyamaza atawamaliza watu. Na vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa mwaka mmoja tu uliopita! Asheri, ambaye kwa miaka kumi na minne hakuna aliyethubutu kumkatiza akisema, alidai huo ni upinzani mtupu. Akataka Justa ahamishwe. Kikao cha kamati ya kijiji kikaitwa, chini ya mwenyekiti Eliufoo, nami nikiwa katibu.

"Sikukutaja wewe, mjumbe," Justa akasema. "Nimetaja protini."

"Protini inakaa kwenye seli, ndiyo au siyo?"

"Ndiyo."

"Na jirani wa seli ni seli. Nyumba na nyumba! Nani humu haelewi?"

Eliufoo, mtu wa amani na usingizi, akaomba jina libadilishwe tu, yaishe. Akapendekeza protini iitwe katibu. Nilisimama nikasema, kwa heshima zote, kwamba katibu hawezi kuleta homa. Akapendekeza mgambo; Salehe, kamanda wa mgambo, akahamisha fimbo yake kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Akapendekeza kengele; mzee wa kanisa akauliza kanisa limeingiaje humo. Saa mbili zikapita. Kila jina lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa ameketi pale.

"Tuiite nesi," akasema Asheri.

Hakuna aliyepinga. Mwenye jina hakuwa na kura.

Justa akainuka. "Sawa. Jumatano nitafundisha hivi: nesi akiona ugonjwa hupiga kelele. Akinyamazishwa mapema mno, mgonjwa hufa bila hata homa."

Akafundisha hivyo hivyo, neno kwa neno. Miezi miwili baadaye ikaja barua ya uhamisho: aende kijiji kimoja kando ya Ziwa Jipe, kwa kosa la kuidhalilisha kazi ya uuguzi. Malalamiko yalitoka kwenye kamati yetu, na mwandiko ulikuwa wangu. Nimeona haya tangu siku ile, na haya hiyo haijapungua.

Jumatano iliyofuata mlango wa zahanati ulikuwa na kufuli. Akina mama hawakurudi nyumbani. Walikwenda moja kwa moja kwa Asheri, watoto mgongoni, wakapanga foleni uani kwake. Mimi nilikuwa nimekaa naye barazani tukinywa chai.

"Shikamoo, mjumbe," akasema Ikupa. Mmoja wa mapacha wake alikuwa anawaka.

"Marahaba. Kuna nini?"

"Watoto wana homa. Mlikaa kikao mkakubaliana kwamba mjumbe aliyesemwa kliniki ni wewe. Tumekuja kwa mwenyewe."

Asheri akaruka, chai ikamwagika. "Jamani, mna akili kweli? Yule ni wa mwilini! Ni protini! Mimi na yeye wapi na wapi?"

Ikupa akampandisha mtoto begani.

"Kumbe unajua," akasema. "Sasa sista wetu kahamishwa kwa kosa lipi?"

Asheri akanigeukia mimi, mwenye kumbukumbu za kikao. Mimi nikamtazama yule pacha, aliyekuwa ameanza kutetemeka.