Mimba Haifungwi kwa Kitenge

Nakumbuka siku moja ya mawingu, wakati wa vita, nimesimama na mama yako Masika kwenye uwanja wa ndege wa Beni. Mimi, mdogo wake, nilikuwa msichana tu, nimebeba mfuko wake. Barabara ya Goma ilikuwa imefungwa na watu wenye bunduki, na baba yako alikuwa kule. Hakuna aliyejua kama ndege nyingine ingekuja.

Mwanangu, siku hizo tulipimwa kwenye mizani pamoja na mizigo, kama magunia ya maharage kutoka mashamba ya Musienene. Mwenye mimba kubwa walimkataa. Basi Masika alilikaza tumbo kwa vitenge viwili, akavaa juu yake koti la baridi ya Butembo. Jasho lilimtiririka, midomo imekauka. Maji hakutaka, asije akaomba choo.

Mbele yetu mzalishaji mmoja mzee, mkunga, alikuwa ameshapanda mizani. Akageuka, akamtazama Masika.

"We mutoto, mimba iko ya miezi ngapi?"

"Mama, nyamaza. Batanikatala."

"Unafunga mutoto kama mufuko ya makala ya jiko! Akitoka kule juu, nani atamupokea? Pilote ya ndege?"

Watu wakacheka. Masika akalia. "Lakini bwana yangu iko Goma, mama. Na vita ikifika huku?"

"Itatukuta wazima. Fungua."

Mzee akashuka. "Kilo zangu mupe mwingine, mimi sipandi tena," akamwambia mpimaji, akamshika mama yako mkono.

Ndege iliruka bila sisi. Mlio wake haujaisha, maji ya uzazi yakamwagika. Ulizaliwa katika nyumba jirani na uwanja, kimya, umelegea. Yule mzee alikusugua mgongo, akakupulizia pumzi, tukangoja, tukangoja, mpaka ukalia. Nimetembea miji mingi tangu hapo, na bado nikisikia ndege nasimama, naangalia juu.

Sasa una mimba, nawe wataka kuruka kwenda Kinshasa. Mficha uchi hazai, mwanangu. Nenda kwanza kwa daktari au mzalishaji, umtajie miezi ya kweli, akupe karatasi. Ukikaribia kuzaa, au ukiona damu, usipande. Ndani ya ndege, mkanda upite chini ya tumbo, juu ya mapaja. Kunywa maji, nyoosha miguu, usione haya kuomba choo. Na wakikukataa, rudi nyumbani. Hiyo si aibu.

Mungu akutangulie huko mawinguni. Mpande wawili, mshuke wawili.