Nilivyoharibu makusudi maneno ya mpishi mbele ya mshairi wa Kimarekani, Juba

Wakuu, habari za humu ndani.

Nyuzi nyingi hapa ni za watu waliofanyiwa ubaya. Leo naleta ya mtu aliyefanya ubaya, na mtu huyo ni mimi. Sijaongeza chumvi, ilivyo tu inatosha kunitukanisha.

Miaka ile baada ya mkataba wa amani wa Sudan, kabla Kusini hawajapiga kura ya kujitenga, Juba ilikuwa inavuta watu. Wakenya wako mabenki na NGO, Waganda wako maduka na boda. Watanzania tulikuwa wa kuhesabika. Mimi natokea Muheza, nilipitia Kampala, nikapata kazi ya stoo kwenye hoteli ya mahema. Ndiyo, mahema. Turubai, kitanda na feni, na bei ya hoteli ya Dar yenye lifti.

Kitu kimoja mjue kabla hatujaenda mbali: mimi ni mshairi.

Msicheke. Mashairi yangu yalishatoka gazetini, vina na mizani vimekaa sawasawa. Kwetu Tanga ukikosea mizani watu wanakujibu gazetini wiki inayofuata, unaona aibu hata kwenda sokoni.

Basi akaja Bi Helen.

Mmarekani, kizee cha miaka sabini na kitu, mwembamba, viatu vya kamba. Kanisa moja lilimwalika afundishe watu kuandika. Nilipokuwa nampelekea maji hemani nikaona amepanga vitabu mezani, vinne vina jina lake. Nilikuwa sijawahi kukaa karibu na mtu mwenye kitabu hata kimoja.

Nikamwambia na mimi ni mshairi. Akavuta kiti cha pili.

Kuanzia siku hiyo kila jioni nikifunga stoo naenda kukaa naye. Kiingereza changu cha form six kikapata kazi. Akanisimulia maisha yake. Baba yake alikuwa anashona soli kiwanda cha viatu. Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, anaandika wakati watoto wanafanya mtihani. Shairi lake la kwanza lilitoka kwenye kijarida cha mkoani, mtu asiyemjua akamwandikia barua kulisifu. Huyo akawa rafiki. Rafiki akamjulisha kwa mwingine, na huyo mwingine ndiye akaja kuwa mumewe.

Yaani maisha yake yote ndivyo yalivyokwenda. Ana rafiki mvuvi wa kaa, ana rafiki jaji, ana mshairi mwenzake waliyenuniana miaka kumi na moja kwa sababu ya mstari mmoja, wakapatana msibani. Kila mchana anawaandikia postikadi. Aliniambia, "Sina ndugu aliye hai. Hawa wote nimewapata kwa shairi."

Mimi nikawa nawaonea wivu watu hao wote, watu ambao hata sura zao sizijui. Nilitaka siku moja aketi mahali aseme, nina rafiki yangu mmoja Muheza.

Sasa hapo jikoni palikuwa na Mama Zawadi.

Mkongo wa upande wa Aru, mpishi wetu. Kuandika hajui, Kiingereza hajui, ana Kiswahili chao kile cha "miye iko". Siku moja Bi Helen akaenda jikoni kuomba maji moto, akakaa juu ya kreti ya soda. Kesho yake akarudi. Kesho kutwa akaniita mimi nikawatafsirie.

Yaani mimi mshairi nimekuwa mkalimani wa mpishi. Nasimama katikati ya vitunguu, wao wanacheka, wanashikana mikono, mimi nageuza maneno. Jioni nikienda hemani kwa Bi Helen nakuta kiti cha pili kitupu, yeye bado yuko jikoni.

Roho iliniuma, sitaficha. Nikaanza hadi kumbania Mama Zawadi mafuta ya kupikia. Roho ya korosho kabisa.

Ndipo Bi Helen akatoa habari. Rafiki yake mmoja ana nyumba huko kwao, waandishi wanakwenda kukaa miezi mitatu, wanakula, wanalala, wanaandika tu. Kila mwaka rafiki huyo humruhusu Bi Helen ampendekeze mtu mmoja. Mwaka huo alitaka atoke Juba.

Akaniambia, "Niletee kazi yako kwa Kiingereza. Na ya Mama Zawadi pia. Yeye aseme, wewe uandike na utafsiri. Hakuna mwingine ninayeweza kumwomba."

Wakuu, mngekuwa mimi mngefanyaje? Jibuni moyoni kwanza.

Nikakaa na Mama Zawadi mchana mmoja baada ya chakula. Akasimulia walivyokimbia vita kwao. Walikuwa wameshatoka kijijini, mumewe akasimama njiani.

"Akasema, mlango yetu iko ya mupya, watu watabeba. Ntarudi sasa hivi. Miye nikamwambia, baba Zawadi, acha mlango. Akacheka. Akasema, nyumba bila mlango, utalala wapi ukirudi?"

Kisha akaimba. Wimbo wa mama yake, wa kumwita mtu aliyechelewa kurudi shambani. Aliuimba, akasimulia kidogo, akaurudia, akataja Mungu, akaurudia tena. Mikono yangu ilisisimka. Nilijua pale pale kwamba huyu mama ameniacha mbali. Miaka yote ya vina na mizani, na sijawahi kumsisimua mtu namna hiyo.

Nikaenda kwangu, mtaa wa Munuki, na daftari. Nikachukua kalamu, nikatoa kila kitu kizuri.

Wimbo nikatoa. Mungu nikatoa. Kicheko cha mume, methali zao, yale marudiorudio, vyote nikafyeka. Nikamwachia mifupa. Kwa Kiswahili ingesomeka hivi:

Tuliondoka.
Mume wangu alirudi kuchukua mlango.
Mlango ulikuwa mpya.
Sikumwona tena.

Basi. Mistari minne, haina kina, haina mizani, haina hata kilio. Nikasema moyoni, haya, Mama Zawadi, nenda Marekani na hicho kipande chako cha taarifa ya polisi.

La kwangu nililipamba. Beti kumi na mbili kuhusu upweke wa ugenini. Nilinunua kamusi kwa Mganda mmoja mtaa wa Atlabara, nikachagua maneno ya Kiingereza yenye uzito, mengine mpaka leo sijui yanatamkwaje. Nilijipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nikalala usingizi mtamu.

Kesho yake nikampelekea Bi Helen. Alisoma langu kwanza, akatikisa kichwa polepole, akasema nina sikio zuri.

Kisha akasoma lile la mistari minne.

Akalisoma tena. Akavua miwani, akaniomba nimwite Mama Zawadi. Mama Zawadi alipofika, Bi Helen alimshika mikono, hakuiachia.

Mimi nimesimama pale sielewi. Nilidhani kuna kurasa zimechanganyika.

Bi Helen akanigeukia. "Hivi ndivyo alivyosema? Hivi hivi, bila neno zaidi?"

Hapo, wakuu, ndipo maisha yangu yalipokuwa njia panda. Ningesema hapana, mimi ndiye nilikata, ningelazimika kueleza kwa nini nilikata. Mama Zawadi mwenyewe amesimama pale na unga mikononi, ananitazama mimi, maana hajui tunaongea nini.

Nikasema, "Ndiyo. Ndivyo alivyosema."

Bi Helen akapumua. "Nilifikiri labda ni wewe uliyeyapunguza. Ningetaka kumjua mtu anayejua kuacha maneno hivi."

Nilitabasamu. Sijui niliwezaje.

Basi aliyependekezwa akawa Mama Zawadi. Mchakato wa hati ulichukua muda, kanisa lilisaidia. Siku ya safari nilimbebea begi mpaka uwanjani, akanishukuru mara nyingi, akasema, "Kaka, bila weye Mama Helen hangenijua." Aliposema hivyo nilitamani anitukane tu.

Bi Helen naye alikuwa ameshaondoka wiki chache kabla. Aliniachia kitabu kimoja, ndani ameandika asante kwa kumsaidia na lugha.

Kusaidia na lugha.

Sasa malizieni na hili, ndilo linaloninyima amani. Baada ya mwezi hivi simu ikaita, namba ndefu. Mama Zawadi. Sauti iko chini.

"Kaka, hapa watu wazuri, lakini wanataka ingine kama ile ya mlango. Miye nimesimulia. Nimewaimbia wimbo ya mama. Kuko dada mmoja wa Kenya anatafsiri yote, neno kwa neno, lakini wanasema haiko kama ile. Uliandika nini kwa ile karatasi? Niambie, nami nisemage vile."

Nilikuwa nimesimama mlangoni pa stoo. Ningeweza kumwambia. Ningeweza kumwambia asimulie, nami niandike, au ampe simu huyo dada nimweleze cha kuacha na cha kubakiza. Mkenya yule angenielewa kwa dakika mbili.

Lakini nilifikiria watu wale kule wamekaa kwenye viti, wanamsubiri yeye, wanamsifu yeye kwa mistari yangu.

Nikasema, "Mama, mtandao unasumbua, sikusikii." Nikakata.

Hakupiga tena. Nilisikia baadaye kwa watu wa kanisa kwamba alirudi kwao Aru kabla miezi mitatu haijaisha, na kwamba haimbi tena hata kanisani.

Nilichojifunza: nilikuwa nafikiri wivu ni kumchukia mtu kwa alichonacho. Mimi nilimchukia kwa kitu nilichompa mwenyewe, na bado sikuweza kumwachia.

Mtakaosema mchimba kisima huingia mwenyewe, someni tena, aliyeingia ni Mama Zawadi. Wa kunisema aniseme, sitajibu kwa hasira. Na kama kuna mtu anaifahamu njia ya kumpata mama mpishi wa Aru aliyewahi kufanya kazi Juba hoteli ya mahema, aje inbox. Namba yake ninayo, haipatikani.