Riwaya ya Nesi wa Mbuba

Niliitwa kuwa jaji wa shindano la riwaya kwa sababu nafundisha Kiswahili sekondari hapa Ngara, na nadhani kwa sababu hawakumpata mwingine. Tulikuwa watatu: mimi, mwenyekiti ambaye ni ofisa elimu mstaafu, na mhadhiri mmoja aliyeletwa kutoka mjini.

Kati ya miswada sita tuliyotumiwa, kila mmoja katika bahasha yake, mmoja ulikuwa wa nesi wa zahanati moja huko Mbuba. Ni riwaya ya kisayansi. Miaka ijayo, pale mpakani Kabanga, kuna mashine inayohifadhi sauti ya kila anayevuka. Msichana ambaye kwao wamebaki na Kiswahili tu anaiomba imfundishe Kihangaza, lugha ya wazee wake, kwa sauti ya bibi yake aliyefariki. Mashine inakubali, lakini inamfundisha na matusi yote ya bibi. Nilicheka, halafu nikalia. Niliusoma mara mbili.

Siku ya kikao tuliletewa mbuzi wa kuchoma kabla hata hatujaanza kazi. Mhadhiri akafungua mjadala huku anatafuna.

"Hii ya mashine tuitoe. Fasihi ni ya binadamu, si ya vyuma."

Alizungumza karibu saa nzima. Alisema riwaya za namna hiyo ni za watoto, na kwamba tukizipa tuzo, tuzo itashuka hadhi. Mwenyekiti alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Kisha mhadhiri akavuta begi lake atafute kalamu, na bahasha ya nesi ikateleza ikaanguka miguuni pangu. Gundi ilikuwa haijaguswa.

Nikaiokota. "Riwaya hii inaishaje?" nikamuuliza.

"Si zote zinaisha namna moja? Chombo kinaruka angani."

Hakuna chombo kinachoruka popote katika riwaya ile. Nikaiweka bahasha mbele yake, upande wa gundi juu. Akaitazama, akatabasamu, akaweka mfupa juu yake. Mafuta yakaanza kuenea kwenye karatasi.

"Mzee," nikamwambia mwenyekiti, "huyu hajasoma."

"Mwalimu, tusigombane kwa mambo ya kutunga. Mgeni rasmi anataka jina kabla ya saa nane."

Tuzo ikaenda kwa mswada uliokuwa mfupi kuliko yote. Kwenye fomu waliandika sababu: lugha safi. Fomu ikanifikia, nami nikatia saini. Hakuna aliyenishika mkono. Nilikuwa nimechoka na nilitaka kuondoka, basi.

Jumamosi nilipanda bodaboda hadi Mbuba. Nilimkuta nesi anapima uzito wa watoto. Nikamweleza yote, hata mfupa.

"Na wewe ulisaini, Mwalimu?"

"Nilisaini."

Akamshusha mtoto kwenye mizani, akaandika kwenye kadi, akamwita mama mwingine. Nilisimama pale kama mtu anayesubiri dawa, na nilijichukia kuliko nilivyomchukia mhadhiri.

Jumatatu yake niliwaandikia waandaaji barua ya kuifuta saini yangu. Haikujibiwa. Baadaye walinialika tena kuwa jaji, nikakataa.

Miezi mingi ilipita kabla nesi hajanipigia simu. Alikuwa ameanza riwaya nyingine, na alitaka mtu wa kumwonyesha makosa.

"Sitafuti sifa," alisema. "Nataka mtu atakayesoma."

Sasa ananiletea sura moja moja. Nazisoma zote, na ananiuliza maswali kuhakikisha.