Jembe la Alhamisi

Tulipohamia kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Misima, mwalimu wetu wa Kurani alipewa kiwanja kando ya barabara kama kila mtu. Alikuwa mjane asiye na mtoto. Alifundisha wasichana tu, barazani kwake, na hakupokea ada. Badala yake, kila Alhamisi wazazi walitupatia majembe tukalime shamba lake la mahindi. Ndivyo ilivyokuwa kule mahameni tulikotoka tangu mama zetu walipokuwa wasichana, na hakuna aliyeona haja ya kulieleza jambo hilo.

Kijijini likahitaji kuelezwa. Mikutanoni tulisikia kila mara kwamba mtu anayelimiwa na wenzake ni mnyonyaji. Mtu mmoja akapeleka habari kwa mwenyekiti, na mwalimu akaitwa mbele ya mkutano wa kijiji pamoja na wanafunzi wake. Ikithibitika kwamba anatulimisha, darasa lingeweza kufungwa.

Jioni kabla ya mkutano, mama alinifundisha jibu. Niseme Alhamisi tunamwokotea mwalimu kuni, basi. Kuni hazikuwa kosa; kila mtoto aliwaokotea wazee. Lakini mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba msichana anaweza kukosa kanga nzuri na bado akawa na sitara, ila akisema uongo amejivua nguo mbele ya Mungu. Alilirudia hilo mara nyingi kuliko habari za moto wa Jehanamu. Mkutanoni nilimtazama kwa makusudi, nikitafuta ishara yoyote. Alikuwa ameketi akitazama mikono yake.

Mwenyekiti alinichagua mimi kwa kuwa ndimi niliyekuwa mkubwa kuliko wote. Binti yake mwenyewe alikaa ubavuni pangu, hakumuuliza kitu.

"Mwanangu, Alhamisi mnakwenda wapi na majembe?"

Majembe alikwisha kuyajua. Nikasema tunakwenda shambani kwa mwalimu. Akauliza mahindi anakula nani. Nikasema mwalimu.

"Kumbe kabaila wetu ndiye huyu wa kanga moja," mzee mmoja akasema kutoka nyuma, na watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka.

"Anawalazimisha?"

Kusema hapana kusingekuwa kweli, na kusema ndiyo pia.

"Hatujawahi kuulizwa kama tunataka."

Mwalimu alipotakiwa ajibu, alisimama, akasema mtoto amesema ilivyo, akaketi tena.

Ikaamuliwa kwamba shamba lake liingizwe katika shamba la kijiji, naye akalime humo kama wengine. Kufundisha aendelee, mradi mtoto yeyote asishike jembe kwa ajili yake.

Tulipofika mlangoni kwetu mama akaniuliza, "Ungesema kuni, ungekufa?"

Jumamosi niliogopa kwenda darasani, lakini nilikwenda. Nilimwamkia mwalimu, akaitika marahaba, akaniambia nifungue tulipoishia. Wenzangu walipoondoka nilibaki, nikamuuliza kama nilikosea.

"Ungesema kuni," alisema, "leo ningekufundisha nini?"

Hakuniambia kwamba mambo yatakuwa sawa, na hayakuwa. Katika shamba la kijiji mtu aligawiwa mavuno kwa kadiri ya siku alizolima, naye mgongo wake ulikuwa mbovu. Siku nyingine alirudi amechoka hata akasinzia tukimsomea. Baada ya mavuno kaka yake alikuja kutoka Korogwe akamchukua. Wavulana walikuwa na mwalimu wao, lakini huyo hakupokea wasichana.

Mimi nilikuwa nimebakiza juzuu tatu. Nilizisoma nyumbani, mkekani, kwa sauti, polepole. Mama, ambaye hakuwahi kufika juzuu hizo, alikuwa akisonga ugali huku akinisikiliza. Nilipokosea, hakuna kati yetu aliyejua.