Mulilala Muzuri, Mama?

Nilikuwa muuguzi kijana, infirmière, pale Kolwezi, enzi za Zaïre, tulipoitana "citoyen", yaani raia, hata jikoni. Daktari mmoja kutoka Kinshasa alinichukua nimsaidie katika utafiti wake wa pumu. Alikuwa na dawa mpya ya kuvuta kwa mdomo, nayo ilikuwa haba: mgonjwa akipata nafuu ya kweli, yake anapewa mwingine. Kiswahili cha daktari kilitosha kuombea maji tu. Maswali yake ya Kifaransa niliyatafsiri mimi, kwa maringo yote ya mtu aliyemaliza shule juzi.

Swali la kwanza lilikuwa kama mgonjwa alilala vizuri. Mama mmoja wa Kikasai, mke wa dereva wa mgodini, alikuja kila asubuhi kuvuta dawa, nami nikamuuliza:

"Mulilala muzuri, mama?"

"Muzuri, mutoto yangu. Na wewe?"

Nikaandika: vizuri. Mwezi mzima, vizuri. Daktari alifurahi, akaamua kwamba Jumatatu dawa ya yule mama apewe mwingine.

Kabla ya Jumatatu alinituma kwao nikachukue vumbi la godoro, apate kulijaribu kwenye ngozi ya mama aone kama ndilo linalomchokoza kifua. Nilikwenda na brashi na kichupa. Kitanda kilikuwa na shuka lililopigwa pasi, upande wa mume umebonyea. Upande wa mama ulijaa vitenge vilivyokunjwa. Kando palikuwa na kiti, na mto umefungwa kwenye egemeo lake.

"Mama, nani analala ku hii kiti?"

"Ni mi. Nikilala ku kitanda, pumuzi inakatika."

"Lakini kila siku munaniambia mulilala muzuri!"

Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume.

"Unanisalimia asubuhi, mi nikujibu na magonjwa? Mama yako hakukufundisha?"

Alinifundisha, tena sana. Nilikuwa nimegeuza swali la daktari kuwa salamu, na mama huyu mwenye adabu zake alikuwa akiijibu huku akikosa usingizi. Kuuliza si ujinga, wanasema. Kuuliza kwangu kulikuwa ujinga mtupu, na nilijichukia njia nzima ya kurudi.

Nilimweleza daktari, nikijua atanifukuza. Alichukua kalamu, akapiga mstari juu ya kila "vizuri" daftarini.

"Kumbe tulikuwa tunamnyang'anya dawa," alisema polepole.

Mkono wa mama ulivimba palipowekwa vumbi lile, basi godoro likatupwa na dawa ikaongezwa. Wagonjwa wote niliwauliza upya: "Munalala ku kitanda ao ku kiti?" Wa kiti walikuwa wengi kuliko nilivyotaka kujua.

Majuma kadhaa baadaye yule dereva, mume wa mama, alikuja peke yake, kofia mkononi. Nilidhani ameleta habari mbaya.

"Mama infirmière, mulifanya bibi yangu nini? Anakoroma sana! Sasa ni mi siwezi kulala."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye hakucheka. Alisimama pale akijifuta macho kwa ile kofia.

"Anakoroma," alisema tena. "Pembeni yangu, ku kitanda."