Kiwiko cha Mzee Kasimiri

Mzee Kasimiri wa hapa Mkuyuni hasikii, mwaka wa tisa sasa, na kijiji kizima tunajua. Mkewe, Filomena, alikuwa hatoki ubavuni mwake. Mtu akisema shikamoo, Filomena anamgusa kiwiko, na mzee anaitikia marahaba kwa sauti ya kutikisa mabati.

Mwezi wa nne tulimzika Filomena. Tangu hapo mzee haitikii, na watu walewale waliobeba jeneza wanasema eti anaringa! Watoto wao wameacha kumwamkia.

Jana nilimkuta njiani, kiwiko amekitoa nje kidogo kama zamani, anangoja kuguswa. Na mimi, ninayewasema wenzangu, nilikuwa nawahi sokoni. Nikampita.