Magoti ya Bi Khamisa

"Magoti, Ameir? Leo ndio unaniletea habari ya magoti?"

Muna alikuwa amesimama mlangoni kwake, mtaa wa St Marys ughaibuni, barakoa imeshuka kidevuni. Ameir yuko chini ya ngazi, hatua tatu mbali kama ilivyotakiwa mwaka ule, kashika mfuko wenye leso ya kujifunika ya marehemu Bi Khamisa, mama yake Muna.

"Mama yangu magoti yanabadilika rangi, wewe unaniambia nimalize shifti!"

"Dada Muna, nilidhani..."

"Ulidhani! Daktari kanipigia siku ile saa nne asubuhi, kasema njoo, mtu mmoja ataruhusiwa. Nikakupigia wewe, maana wewe ni mtu wetu, uko ndani ya hospitali. Ukasema nini?"

Ameir alikumbuka alichosema. Mkono wake una joto, maliza kazi, uje jioni. Bi Khamisa akafariki saa nane mchana, Muna yuko ghalani Villawood anapanga maboksi.

Ameir ni wa Tanga. Shule aliiacha kidato cha pili, na hakuna kazi aliyomaliza nayo mwaka mpaka alipopata hii ya kusukuma vitanda hospitali. Ilimfaa, maana yeye kukaa hajui. Korona ilipowafungia wageni milango, akawa peke yake wa kumwamkia Bi Khamisa shikamoo. Wadudu walikuwa wameanzia kwenye mkojo wakaingia kwenye damu, presha imeanguka, dawa ya kuipandisha inapita kwenye mpira usiku na mchana. Muna alimwachia neno moja kwenye simu: "Msitiri mama. Usiache watu wakamwona mapaja." Ameir akalishika hilo kama amana.

Siku ile asubuhi Nella, dada wa Kirundi anayesaidia manesi, alifunua shuka akawasha tochi. Kawaida wanabonyeza kucha, wanahesabu damu inachukua sekunde ngapi kurudi. Lakini kucha za Bi Khamisa zilikuwa zimeiva hina ya Idi, huoni kitu.

"Basi tunaangalia kwa magoti," Nella alisema. "Ngozi yetu inaficha, lazima taa. Unaona hii kama wavu? Jana ilikuwa kwa goti tu. Leo imepanda kwa paja. Gusa."

Ameir akagusa huku kaangalia pembeni. Baridi, kama chupa imetoka friji.

"Ikipanda hivi wengi hawarudi, kaka. Na mkojo imekatika. Usimfunike, daktari anakuja kuangalia."

Daktari akaja, akaangalia, akatoka kwenda kupiga simu. Alipogeuka tu mgongo, Ameir akavuta leso ikaziba miguu yote. Halafu akakaa, yeye asiyejua kukaa, akaushika mkono wa yule mama huku kavaa glavu. Akaushika mpaka simu ya Muna ilipoingia. Na mkono kweli ulikuwa na joto.

"Joto lile lilikuwa langu," akamwambia Muna sasa. "Mimi ndiye niliyekuwa nimeushika. Magoti niliyaona, na Nella alinieleza maana yake. Nilijua, dada."

"Ulijua."

"Nilijua. Nikashindwa kukutamkia."

Muna akacheka kicheko kibaya, hakina raha hata kidogo. "Mtu anakwambia sitiri mapaja, wewe unasitiri mpaka kifo! Ningefika, Ameir. Treni na kutembea, saa moja unusu tu. Ningefika."

Ameir alikuwa ameshapiga hesabu hiyo mara nyingi, kila siku tangu mazishi, na kila mara Muna anafika. Akauweka mfuko kwenye ngazi, akarudi nyuma.

Muna akaitoa leso, akaikunja upya ingawa ilikuwa imekunjwa vizuri.

"Aliniita?"

Neno la ndiyo lilimfika Ameir mdomoni. Dogo tu, na Muna angelala nalo.

"Hapana. Tangu alfajiri hakusema kitu. Macho kayafumba."

Muna akatikisa kichwa polepole. Hakumkaribisha ndani, na hakumfukuza.

Simu ya Ameir ikatetemeka. Ni wodini, mfanyakazi mwenzake anaumwa, wanataka aingie mapema.

"Kazini wananiita."

"Nenda."

Akasimama kidogo, labda atasikia jingine. Akavuta barakoa juu ya pua, akashika njia ya stesheni kwa miguu, haraka haraka, vitanda vinamsubiri.